WinISD na tundu la hewa la boksi la sabufa: tathmini baada ya kujenga upya

Boksi la kwanza la sabufa, yaani spika ya besi, nililowekewa kwenye Toyota IST yangu lilijengwa na fundi mmoja wa hapa Dar es Salaam kwa muda wa saa nne, na kwa siku mbili za mwanzo nilidhani nimepata nilichokuwa nakitafuta. Siku ya tatu niliweka muziki wa dansi wenye gitaa la besi linaloshuka chini, nikaongeza sauti, na badala ya besi nikasikia pumzi nzito ikifoka kutoka kwenye bomba la plastiki la inchi tatu lililochomekwa pembeni mwa spika. Nilihofu kwamba koni, ile sehemu ya spika inayocheza mbele na nyuma, imechanika. Nilipoifungua sabufa na kuikagua niliikuta nzima kabisa, ndipo nikaelewa kwamba ubaya wote ulikuwa kwenye lile tundu, ambalo lilikuwa dogo mno kwa spika ya inchi 12 inayolishwa wati 500, na ambalo urefu wake ulichaguliwa kwa kuangalia tu kipande cha bomba kilichokuwapo karakanani.

Boksi la pili nililijenga mwenyewe nikiongozwa na WinISD, programu ya kompyuta za Windows iliyotengenezwa na LinearTeam na inayotolewa bila malipo. Programu hii hufanya mambo mengi, lakini mimi ninaitathmini kwa kazi moja, yaani kupanga ukubwa, urefu na umbo la tundu la hewa, kwa sababu hapo ndipo maboksi mengi ya magari yetu yanapoharibikia.

Mtumiaji huanza kwa kuingiza vigezo vya spika: masafa yake ya asili, ujazo wa hewa unaolingana na ulaini wa koni yake, eneo la koni, mwendo wake wa juu kabisa, na vingine vya namna hiyo. Vigezo hivi hubeba majina ya Neville Thiele na Richard Small, ambao kazi zao, moja iliyochapishwa Australia mwaka 1961 na nyingine iliyofuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, ziliwezesha boksi lenye tundu kukokotolewa kabla ubao haujakatwa. Boksi la aina hiyo lenyewe ni la zamani zaidi, kwani Albert Thuras wa maabara za Bell nchini Marekani alipewa hataza yake mwaka 1932. Baada ya vigezo kuingizwa, unachagua boksi lenye tundu, unaandika ujazo wa boksi kwa lita na masafa unayotaka liitikie, ambayo mafundi huyaita tuni, na programu inakurudishia urefu wa bomba.

Jambo la kwanza ambalo WinISD ilinionyesha, na ambalo hakuna fundi aliyewahi kunieleza, ni kwamba tundu la hewa halipo kwa ajili ya kulipa boksi nafasi ya kupumua. Hewa iliyojaa ndani ya bomba ni mzigo wenye uzito wake, na hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ni springi inayousukuma na kuuvuta mzigo huo. Vyote viwili kwa pamoja vina masafa yao ambapo hucheza kwa nguvu zaidi, kama mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alivyoonyesha katika karne ya 19 kwa vyombo vyake vya duara vyenye shingo. Katika masafa hayo koni ya spika karibu isimame, na sauti yote unayoisikia inatoka tunduni. Kwa hiyo anayepuuza tundu anapuuza chombo kinachotoa besi ya chini kabisa.

Niliweka lita 50 na tuni ya hezi 34, yaani mitikisiko 34 kwa sekunde. Nilichagua hezi 34 kwa sababu waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hulia kwenye hezi 41, na nilitaka boksi langu libebe noti hiyo bila kukaza. Kisha nikaanza kubadilisha upana wa bomba ili nione urefu unavyokwenda. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 7.5, yaani lile la inchi tatu, lilihitaji urefu wa sentimita 17 na nusu hivi. Bomba la inchi nne lilihitaji sentimita 35. Bomba la inchi sita lilidai sentimita 83, urefu ambao hauingii katika boksi lolote linaloweza kukaa kwenye buti la IST. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu akili hukuambia kwamba bomba likipanuliwa linaweza kufupishwa, wakati ukweli ni kinyume chake: ukilipanua unapaswa kulirefusha, na ukilirefusha linakula nafasi ya boksi uliyokwisha kuihesabu.

Mtu akitazama urefu peke yake, bomba la inchi tatu linaonekana kuwa jibu zuri kuliko yote, kwa kuwa ni fupi, ni rahisi na linapatikana katika kila duka la vifaa vya mabomba. Bila shaka fundi wangu aliliona hivyo pia. Lakini WinISD ina grafu nyingine, ile ya kasi ya hewa tunduni, na ningependa kila anayeifungua programu hii aitazame kabla ya grafu ya ukubwa wa sauti inayowavutia wengi. Niliweka wati 500, ambazo ndizo amplifaya yangu inazotoa kwa kweli, na mstari wa bomba la inchi tatu ukapanda hadi karibu mita 50 kwa sekunde kwenye tuni. Bomba la inchi nne lilifika mita 27. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi waangalifu ni mita 17 kwa sekunde, yaani asilimia 5 ya kasi ya sauti. Ndani ya gari, penye kelele ya injini na matairi, wengi huvumilia mpaka 25 au zaidi kidogo. Mita 50 hazivumiliki popote. Hewa inayopita kwa kasi hiyo hujikata kwenye kingo za bomba, hugeuka msukosuko, na ndiyo ule mfoko nilioudhania kuwa koni iliyochanika. Zaidi ya kelele, tundu lililosongwa huacha kuitikia ipasavyo, hivyo kadiri unavyoongeza wati ndivyo unavyopata besi kidogo kuliko ulivyotarajia.

Kama programu hii ingekuwa na grafu hiyo moja tu, bado ningeipendekeza.

Niliamua kutumia mfereji wa mbao badala ya bomba la duara, yaani tundu la mstatili lililojengwa kwa mbao za boksi lenyewe. Kanuni inayotumiwa sana na wajenzi wa sabufa za magari inataka kati ya sentimita za mraba 2.7 na 3.6 za tundu kwa kila lita ya ujazo, na kwa lita 50 hiyo ni kati ya 137 na 182. Mfereji wangu ulikuwa na upana wa sentimita 5 na kimo cha sentimita 33, sawa na sentimita za mraba 165, na kasi ya hewa ikashuka hadi mita 13. Urefu uliokokotolewa ulikuwa sentimita 75. Kwa kuwa boksi lina kina cha ndani cha sentimita 42, ilibidi mfereji upinde: unaanzia uso wa mbele, unafuata ukuta wa pembeni, kisha unageuka na kufuata ukuta wa nyuma. Urefu wa mfereji uliopinda hupimwa kwa kufuata mstari wa katikati ya njia ya hewa. Ukiupima kwa ukuta wa ndani utapata urefu pungufu, na kwa ukuta wa nje utapata uliozidi, na tofauti hiyo inatosha kuhamisha tuni.

Hapa ningependa kumtahadharisha mjenzi kuhusu ujazo, kwa sababu kosa hili programu haiwezi kulizuia. Lita zinazoandikwa kwenye WinISD ni za hewa inayobaki baada ya kila kitu kuingia ndani. Mfereji wangu peke yake ulichukua karibu lita 12, ubao unaoutenganisha na chumba cha spika ukachukua lita 4 na ushei, na sumaku pamoja na fremu ya spika zikachukua lita 3 hivi. Ndiyo maana boksi langu la lita 50 lina ukubwa wa ndani wa lita 69, yaani sentimita 33 kwa 42 kwa 50. Kama ningejenga boksi la lita 50 kwa kupima kuta zake tu, kisha nikauweka mfereji uleule ndani yake, ningebakiwa na lita 31, na tuni ingepanda kutoka hezi 34 hadi hezi 43. Mtu angesema programu imedanganya, kumbe imeambiwa jambo lisilokuwapo.

Sasa nije kwenye udhaifu wake, ambao kwa kazi ya umbo ni mkubwa. WinISD inajua bomba la duara na tundu la mstatili, na inakuruhusu kuchagua kipimo cha kusahihisha ncha, kwa maana ya nyongeza ya urefu inayotokana na hewa iliyo nje kidogo ya kila ncha kushiriki katika mwendo. Kipimo cha kawaida ni 0.732 ya kipenyo, kwa bomba ambalo ncha moja imekaa kwenye ubao na nyingine inaning'inia ndani ya boksi. Mfereji wa mbao hauko hivyo. Ncha yake ya ndani imeegemea sakafu ya boksi, dari yake na ukuta wa nyuma, na kuta hizo huendelea kuishika hewa hata baada ya ubao wa mfereji kuisha, kana kwamba mfereji ni mrefu kuliko ulivyojengwa. Programu haina mahali pa kuchora hali hiyo. Wala haina mahali pa kuonyesha kona, au mdomo uliopanuliwa kama wa tarumbeta.

Nilikwisha kusoma kuhusu jambo hilo, kwa hiyo sehemu ya nyuma ya ubao wa mfereji niliifunga kwa skrubu bila gundi, na kifuniko cha juu cha boksi vilevile nikakikaza kwa skrubu na utepe wa sifongo. Nilipopima, tuni haikuwa hezi 34 bali 32. Nilifungua, nikapunguza ubao wa nyuma kwa sentimita 15, nikapima tena na kupata karibu 34. Sentimita 15 zinaweza kuonekana nyingi kwa tofauti ya hezi 2, lakini urefu ni sehemu moja tu ya hesabu, na kila sentimita ya mfereji unayoikata inarudisha hewa kidogo chumbani, jambo ambalo huishusha tuni unayojaribu kuipandisha. Mfereji uliobaki ni wa sentimita 60.

Kupima kwenyewe hakuhitaji vifaa vya gharama. Unacheza sauti za noti moja moja kutoka kwenye simu, kwa nguvu ya wastani, ukianzia hezi 50 na kushuka hezi moja baada ya nyingine, huku ukiiangalia koni chini ya mwanga mzuri. Mwendo wake utapungua mpaka karibu kusimama, kisha utaanza kuongezeka tena. Pale ulipokuwa mdogo kabisa ndipo ilipo tuni. Mwenye multimita na rezista anaweza kupima kwa uhakika zaidi kwa kutafuta mahali ambapo ukinzani wa spika unashuka katikati ya vilele viwili, na mimi nilifanya yote mawili ili nisijidanganye kwa macho.

Kuhusu kingo za mfereji, programu haikunisaidia, na nilifuata ushauri wa wajenzi wenye uzoefu. Mdomo wa nje niliuzungusha kwa rauta, mashine ya kuchonga kingo za mbao, ili kona kali ziwe mviringo, na mdomo wa ndani nikaufanya vivyo hivyo, kwa sababu hewa ya tunduni huenda na kurudi, na nusu ya safari zake hugonga kingo za ndani ambazo mnunuzi hazioni. Kona ya nyuma niliijaza kipande cha mbao kilichokatwa mshazari ili hewa isigonge ukuta wa moja kwa moja. Ndani ya mfereji nilipiga msasa na kupaka vanishi mara mbili, kwanza kwa ajili ya ulaini, na pili kwa sababu MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa niliojengea boksi, hunywa unyevu, na joto la pwani na unyevu wake havina huruma na ubao huo. Mfereji haupaswi pia kuwa mwembamba kama ufa. Uwiano wangu wa kimo kwa upana ni kama 6.6 kwa 1, na wajenzi wengi huonya dhidi ya kuzidi 8 au 9 kwa 1, kwa kuwa msuguano wa hewa na kuta huongezeka ingawa eneo limebaki lilelile. Anayetumia bomba la PVC anaweza kulipasha mdomo wake kwa mashine ya hewa moto na kuusukuma juu ya bakuli la chuma mpaka utanuke, lakini kazi hiyo ifanyike nje, mbali na watoto, maana moshi wa plastiki hiyo ni mbaya kwa mapafu.

Kuna grafu nyingine mbili ambazo zilinifaa. Ile ya mwendo wa koni inaonyesha wazi kwamba chini ya tuni, boksi lenye tundu haliishiki tena koni. Hewa inatoka na kuingia tu, na spika inarushwa mbele na nyuma kama isiyo na boksi. Katika mchoro wangu mstari ulivuka mwendo salama mara tu baada ya kushuka chini ya hezi 30. Niliongeza kichujio kinachokata masafa ya chini kwenye programu, nikakiweka hezi 28, nikaona mstari umerudi mahali pake, kisha nikaweka mpangilio huohuo kwenye amplifaya. Sehemu ya matundu nayo inataja mlio wa bomba lenyewe, ambao kwa bomba refu hushuka kuelekea masafa ya sauti ya mwanamume anayeimba. Wangu uko juu kidogo ya hezi 200, na kwa kuwa krosova yangu, kichujio kinachoizuia sabufa kupokea sauti za juu, inakata kwenye hezi 80, hausikiki.

Programu haijui gari. Grafu yake ya sauti huchukulia kwamba boksi liko mahali pa wazi, ilhali ndani ya gari dogo besi ya chini huongezewa nguvu na chumba kilichofungwa, na ongezeko hilo huanza takriban pale ambapo nusu ya wimbi la sauti linazidi urefu wa chumba, kwenye hezi 70 hivi kwa gari kama langu. Kwa hiyo mteremko unaoonekana kwenye mchoro chini ya hezi 40 usimtishe mtu akaishusha tuni mpaka hezi 25. Kufanya hivyo hurefusha mfereji bila sababu. Mabadiliko ya kawaida ya joto la hewa, jambo ambalo niliwahi kulihofia, hayana uzito. Kutoka nyuzi 20 hadi 30 kasi ya sauti hubadilika kwa chini ya asilimia 2, na tuni husogea kwa nusu hezi tu.

Mengine nayataja kwa ufupi. Sura ya programu ni ya kizamani, lugha yake ni Kiingereza, na uingizaji wa vigezo unahitaji subira, kwa kuwa programu hukokotoa baadhi ya thamani yenyewe na hulalamika zinapopingana. Tatizo kubwa zaidi kwa mnunuzi wa hapa kwetu ni kwamba sabufa nyingi za bei nafuu huuzwa katika maboksi yaliyoandikwa maelfu ya wati bila kigezo hata kimoja cha Thiele na Small ndani yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kupata grafu za kuaminika za sauti wala za mwendo wa koni.

Hata hivyo bado anaweza kulipima tundu lake, na hili halisemwi vya kutosha. Tuni ya boksi haitegemei spika. Inategemea ujazo wa hewa, eneo la tundu na urefu wake tu, na kanuni yake inaweza kuandikwa nyuma ya risiti: chukua 23,562, zidisha kwa kipenyo cha bomba kwa sentimita kilichozidishwa kwa chenyewe, gawanya kwa ujazo wa lita uliozidishwa kwa masafa na tena kwa masafa hayohayo, kisha ondoa 0.732 ya kipenyo. Jibu ni urefu kwa sentimita. Kwa mfereji wa mstatili, tafuta kwanza kipenyo cha duara lenye eneo sawa na lake. Wangu wa sentimita za mraba 165 ni sawa na duara la sentimita 14.5. Na ikiwa mfereji umeegemea kuta tatu kama wangu, badala ya 0.732 ningeanza na 1.5, ambayo ndiyo thamani iliyojitokeza nilipolinganisha kipimo cha boksi langu na hesabu, na bado ningeufunga ubao wa nyuma kwa skrubu bila gundi mpaka nitakapomaliza kupima.